Kiti Kilichosogezwa Mbele

Katika kiwanda cha uchapaji alikofanya kazi kwa miaka ishirini na mitatu, hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Nukta. Kazi yake ilikuwa kusoma prufu, nakala za majaribio. Kila kilichotaka kuchapwa, iwe kalenda, kadi za harusi, vitabu vya shule au matangazo ya vifo, kilipita mezani kwake kwanza, naye alikisoma herufi kwa herufi, kalamu nyekundu mkononi. Hakusoma kama watu wasomavyo. Alisoma kama askari anayepekua mzigo. Siku moja alikamata kadi mia tano za harusi ambazo jina la baba mkwe lilikuwa limekaa mahali pa jina la bwana harusi, na tangu hapo mwenye kiwanda alitangaza kwamba mtu huyu asiguswe.

Ubaya ni kwamba kalamu ile hakuiacha kazini. Mtaani nako alisoma. Alisoma uso wa mwenye duka anaporudisha chenji, akasoma salamu ya jirani iliyokuja na tabasamu pana kuliko jana. Mkewe alishamzoea. Akiona jicho la mumewe limemtulia usoni kwa muda mrefu, alimwambia, "Baba Pacha, mimi si prufu."

Mkewe huyo, Mama Pacha, alikuwa mwalimu wa michezo katika shule ya sekondari. Alikuwa mrefu, mwenye mabega ya mtu aliyewahi kukimbia kwa ajili ya medali, na filimbi yake haikutoka shingoni hata siku za mapumziko. Pacha wao wawili walikuwa wameshakwenda vyuoni, kila mmoja mji wake, na nyumba ilikuwa imebaki na watu wazima wawili na televisheni.

Baada ya watoto wake, kitu alichokipenda Mama Pacha kuliko vyote kilikuwa gari lake. Lilikuwa saluni jekundu, lililolala chini kama paka anayenyemelea, lenye mabomba mawili ya moshi na injini ya kunguruma. Alilinunua mwenyewe alipotimiza miaka arobaini. Wanafunzi waliokuwa wakijificha nyuma ya maabara walimsikia akiwa bado mtaa wa tatu, wakapata muda wa kutosha kujipanga mistarini. Hakuna mtu mwingine aliyeliendesha. Nukta mwenyewe hakuwahi kujifunza udereva. Alisema barabarani kuna makosa mengi mno na hakuna anayeyasahihisha.

Basi jioni moja ya Jumatano, Nukta alikuwa amekaa kibarazani akifungua kamba ya kiatu, akasikia gari likiingia uani bila kelele yoyote. Alinyanyua kichwa. Lilikuwa gari dogo la rangi ya maziwa, fupi kwa mbele, fupi kwa nyuma, refu kwenda juu, kama kabati la nguo lililowekewa magurudumu. Mkewe akashuka humo.

"Hili la nani?" Nukta aliuliza.

"Letu."

"Na letu lile liko wapi?"

"Nimeliuza. Mafuta, Baba Pacha. Lile lilikuwa linakunywa kama lina kiu ya mwaka mzima. Hili ukilijaza Jumatatu, hadi uje ukumbuke kituo cha mafuta, mwezi umekatika."

Akapita ndani na mkoba wake. Nukta akabaki na kamba ya kiatu mkononi.

Jibu lile halikuwa na kosa hata moja, na hicho ndicho kilichomtia wasiwasi. Maneno yaliyonyooka namna ile yalikuwa yameandikwa mapema. Gari lilikuwa likinywa mafuta kiasi kilekile kwa miaka minane, na katika miaka yote hiyo mkewe hakuwahi kulalamika hata mara moja. Leo kiu ya gari imeonekana? Na kwa nini aliposema "mafuta" alikuwa akiangalia mlango, hakumwangalia yeye?

Alifunga kiatu, halafu akakumbuka kwamba alikuwa anavua.

Jumamosi ya kwanza mkewe aliondoka saa tisa alasiri. Alisema ana mazoezi na wanariadha wake, mashindano ya wilaya yako karibu. Akarudi saa kumi na mbili, akaenda kuoga. Nukta alikuwa ameacha mwavuli wake ndani ya gari siku iliyotangulia. Alifungua mlango wa dereva, akataka kukaa ili aufikie, akashindwa kukaa. Kiti kilikuwa kimesogezwa mbele hadi karibu kigusane na usukani.

Alisimama pale, mkono mmoja juu ya mlango. Mkewe alikuwa na miguu kama nguzo za goli. Katika gari lolote, jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kukisukuma kiti nyuma hadi mwisho. Nukta akainama, akaangalia vizuri. Kioo cha juu kilikuwa kimeelekezwa chini. Kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na mto wa sofa ambao hakuwahi kuuona. Tairi zilikuwa na tope jekundu, na uwanja wa shule ulikuwa wa majani matupu. Ndani ya gari mlikuwa na harufu kali ya dawa ya kuchua misuli. Hiyo peke yake haikumshughulisha. Mwalimu wa michezo na dawa ya kuchua ni mtu na ndugu yake.

Mkewe alipotoka bafuni alimkuta jikoni.

"Leo gari umeendesha mwenyewe?"

"Sasa aendeshe nani?" alijibu, amempa mgongo, anasuuza kikombe ambacho tayari kilikuwa safi.

Huo ulikuwa uongo, na Nukta aliujua kama anavyoijua herufi iliyopinduliwa. Mtu mwingine alikuwa amekaa kwenye kiti kile. Mtu mfupi.

Kuanzia siku ile dunia ilijaa watu wafupi. Kazini alijikuta akimpima kwa macho mkata karatasi. Njiani alimpima muuza magazeti. Lakini aliyemrudia kichwani mara kwa mara alikuwa mwalimu wa hesabu wa shuleni kwa mkewe, mtu mchangamfu, mseja, ambaye wanafunzi walimpa jina la Sentimita. Kwa muda mrefu jina hilo lilikuwa likitajwa mezani bila madhara. Sentimita kasema hivi, Sentimita kachekesha vile. Sasa kila likitajwa, kijiko cha Nukta kilisimama njiani.

Jumamosi ya pili alijiandaa. Mkewe aliporudi na kuingia ndani, Nukta alikwenda kwenye gari na kalamu yake nyekundu. Kiti kilikuwa mbele tena. Akapiga magoti, akachora mstari mwembamba kwenye reli ya chuma chini ya kiti, pale kilipoishia. Akaandika na kilomita nyuma ya kalenda ya ukutani. Bampa la mbele lilikuwa na mkwaruzo mpya, wenye majani makavu yaliyonasa. Alilisugua jani moja kati ya vidole, akalinusa. Halikumwambia kitu.

Jumapili alikwenda kwa mama yake. Mama huyo aliishi mtaa wa pili, katika vyumba viwili, na chumba cha mbele kilikuwa cha cherehani. Alikuwa na miaka sitini na minane, mdogo wa umbo, mwepesi, na maisha yake yote alikuwa akishona sare za shule kwa cherehani ya miguu. Kati yake na mkwewe hapakuwa na ugomvi, ila hapakuwa na joto pia. Zamani, mara baada ya ndoa, Mama Pacha alipeleka kitambaa chake kwa fundi mwingine, na jambo hilo halikuzungumzwa wala halikusahauliwa. Walisalimiana vizuri na kupishana vizuri.

"Mama," Nukta alisema baada ya kukaa, "umemwonaje mkweo siku hizi?"

Cherehani ikasimama. "Nimemwonaje vipi?"

"Yaani, hajabadilika?"

"Mimi naona mashati tu, mwanangu. Mashati na vifungo. Kwani wewe umeona nini?"

Nukta alisogeza kigoda karibu. Hakuna mtu mwingine ambaye angeweza kumwambia. "Kuna mtu anaendesha gari lile. Mtu mfupi."

Uzi ukakatika. Mama yake alikohoa, akakohoa tena, akaanza kutafuta sindano sakafuni. "Mfupi kiasi gani?" sauti yake ilitoka chini ya meza.

"Mfupi sana, Mama. Kiti kimegusa usukani."

"Watu wafupi wapo wengi. Hata mimi mfupi." Alikaa huko chini muda mrefu kuliko sindano moja inavyohitaji. Alipoinuka, uso ulikuwa umemwiva. "Achana na mambo ya viti. Mkeo mtu mzima, anafanya kazi, anarudi nyumbani. Utajitafutia maradhi ya kichwa bure."

Nukta alirudi kwake akiwa amenyong'onyea. Aliona wazi kwamba hata mama yake anajua, na anamficha ili asimuumize. Kumbe yeye ndiye wa mwisho. Mtaa mzima labda unajua.

Siku mbili baadaye, alasiri, Sentimita mwenyewe alibisha hodi. Alikuwa amefuata orodha ya wachezaji ambayo Mama Pacha aliisahau nyumbani, naye Mama Pacha alikuwa amebaki shuleni kwenye kikao. Nukta alikuwa amerudi mapema, baada ya umeme kukatika kiwandani. Alimpa orodha. Kisha akaona funguo za gari zikining'inia msumarini, kwa kuwa siku hiyo mkewe alikwenda kazini kwa miguu. Wazo likamjia, na hakulipa nafasi ya kupoa.

"Shemeji," alisema, "hebu nisaidie kitu kidogo."

Alimpeleka uani, akafungua gari, akakisogeza kiti hadi kwenye mstari mwekundu.

"Kaa hapo tu mara moja."

"Kwenye usukani?"

"Kaa tu, shemeji."

Sentimita alikuwa mtu mwema asiyependa kukataa. Aliingia kwa mguu mmoja. Mguu wa pili ukagoma. Alijipinda, akavuta tumbo ndani, akaingia nusu, magoti yake yakakwama chini ya usukani, na honi ikalia kwa kidevu chake.

"Shemeji," alisema kwa taabu, "mimi mfupi, sikatai. Lakini si kiasi hiki. Huyu aliyekaa hapa ni nani, mtoto?"

Nukta alimvuta nje kwa mkono. "Nilikuwa napima. Nataka kununua kifuniko cha kiti."

"Aa," alisema Sentimita, akijikung'uta, na macho yake yalionyesha kwamba hakuna alichoelewa.

Badala ya kupata nafuu, Nukta aliingiwa na hofu zaidi. Adui mwenye jina alikuwa amefutika, na mahali pake amebaki adui asiye na jina wala sura, mfupi kuliko Sentimita. Katika maisha yake yote hakuwahi kukutana na mwanamume mfupi kuliko Sentimita. Alikula kidogo siku zile. Kazini aliruhusu neno "mahafali" lipite likiwa na herufi moja pungufu, na mwenye kiwanda alimwita ofisini kumuuliza kama nyumbani kuna msiba.

Jumamosi ya tatu aliomba ruhusa kwa kisingizio cha jino. Ilikuwa ruhusa yake ya kwanza katika miaka sita. Saa tisa kasoro dakika chache alikuwa amesimama kwenye kona ya mtaa wake, nyuma ya kibanda cha simu, ameshakodi pikipiki. Kabati la rangi ya maziwa lilipotoka uani, alimgusa dereva begani.

"Lifuate lile."

Dereva wa pikipiki aliwasha, akageuza shingo. "Mke, mzee?"

"Gari."

"Haya, gari." Aliitamka kama daktari anayemkubalia mgonjwa.

Walilifuata kwa umbali. Lilifika kwenye lango la shule, na Nukta alisubiri lipinde. Halikupinda. Lilipita lango kama lango la watu baki. Mbele kidogo likaingia mtaa wa nyuma, ule wa maduka ya vifungo na uzi, na hapo lori la mchanga likawaziba njia, likasimama, likaanza kujadiliana na mkokoteni nani arudi nyuma. Njia ilipofunguka, gari halikuwepo.

"Limetuponyoka," alisema dereva. "Huku mbele kuna njia mbili. Moja inarudi mjini, nyingine inakwenda viwanja vya maonyesho vya zamani. Ila huko siku hizi hakuna kitu, ni tope tu."

"Tope la rangi gani?"

"Tope lina rangi gani, mzee? Jekundu."

"Twende huko."

Viwanja vile vilikuwa vimeachwa miaka mingi. Vibanda vya mabati vilikuwa vimelala upande, na magugu yalikuwa yameota kwenye ngazi za jukwaa. Nukta alimlipa dereva akamwambia aende. Dereva alisema angesubiri tu, bila malipo, hana haraka. Nukta akamkazia macho hadi akaondoka.

Alijibanza nyuma ya kibanda kimoja. Juu yake palikuwa na kibao kilichochakaa cha kukaribisha "wakulimia", na hata katika hali ile aliiona ile herufi ya ziada. Akachungulia.

Katikati ya uwanja alisimama mkewe, mikono kiunoni, filimbi mdomoni. Gari lilikuwa upande wa pili, mbali naye, na lilikuwa linatembea. Nukta aliangalia kiti cha dereva, asione mtu. Aliona vidole vimeshika usukani, na juu ya vidole ncha ya kitambaa cha kichwa. Gari lilikwenda, likasita, likaenda, likasita, kwa mapigo yaliyolingana, taratibu, kama linapumua. Chaka-chaka, kimya. Chaka-chaka, kimya.

Mapigo yale aliyajua kabla hajajua kusoma. Alikuwa amelazwa kwayo, ameamshwa kwayo, amefanya kazi zake za shule chini ya meza yanakotoka. Ulikuwa mguu wa cherehani. Alimtambua mama yake kwa mguu kabla hajamwona uso.

Alitoka nyuma ya kibanda bila kujua anatoka. Gari lilikuwa linamjia. Ndani yake macho mawili yakatokeza juu ya usukani, yakamwona, yakatanuka, na mguu uliotakiwa kukanyaga breki ukakanyaga mafuta. Gari likaruka. Nukta naye akaruka, akaangukia kwenye mtaro wa magugu. Filimbi ikalia ndefu kama ya mwisho wa mechi. Gari lilipita alipokuwa amesimama, likajichomeka kwenye lundo la majani makavu, likazimika.

Kioo kikashuka polepole.

"Wewe!" mama yake alifoka kutoka ndani. "Leo kazini kwenu hakuna kazi?"

Walikaa watatu kwenye ngazi za jukwaa. Mama alikuwa anajichua kiwiko kwa dawa yake ya kikopo, na harufu ile ilimpanda Nukta puani, akafumba macho kwa aibu. Harufu aliyoijua kwa miaka arobaini na kitu, na yeye akaipa wanariadha.

"Baba yako aliendesha malori miaka thelathini," mama yake alisema. "Nimekaa pembeni yake safari ngapi, sijui. Nilijua gia kwa kusikia. Nikimwambia nikushikie usukani umenye chungwa, anacheka. Amekufa anacheka. Na wewe ukacheka."

"Mimi? Lini?"

"Mezani kwako. Nilisema natamani kujifunza gari ili nipeleke sare zangu mwenyewe. Ukasema, Mama, anza kwanza kujifunza kuvuka barabara. Ukacheka hadi chai ikakutoka puani."

Nukta alijaribu kukumbuka, asipate. Alimtazama mkewe. Mama Pacha alikuwa anakwangua tope kwenye kiatu.

"Mimi sikucheka," alisema.

Ilivyokuwa ni kwamba mama alikuwa amekwenda shuleni na mzigo wa sare za michezo, akabaki getini, akamwambia mkwewe kwa sauti ya chini kama mtu anayeomba kitu cha haramu. Mama Pacha alimpakia kwenye gari jekundu siku hiyohiyo. Haikufaa. Akiketi, hakuona barabara, aliona mawingu. Akitaka kushuka, ilibidi avutwe kwa mikono miwili. Na alipogusa mafuta kwa kidole tu cha mguu, gari lilichomoka likataka kuingia maabara.

"Lile gari lilinipania," mama alisema. "Hili lina adabu."

"Mafuta nayo ni kweli," Mama Pacha aliongeza. "Sikukudanganya. Sikukumalizia tu."

"Mbona hamkuniambia?"

Wanawake wale wawili walitazamana, na Nukta aliona kitu ambacho hakuwahi kukiona kati yao: walikuwa wanajizuia kucheka pamoja.

"Ungekaa kiti cha nyuma," mama yake alisema, "unasahihisha."

Kisha mkewe akageuka. "Na wewe ulikuja huku kutafuta nini?"

Nukta alifungua mdomo. Mama yake alimtangulia. "Kanifuata mimi. Alipita nyumbani hakunikuta, akauliza majirani." Alifunga kikopo chake cha dawa kwa nguvu, bila kumtazama mwanawe.

Ingeishia hapo kama si Sentimita. Jumatatu, katika chumba cha walimu, aliuliza kwa nia safi kabisa kama kile kifuniko cha kiti kilipatikana. Akaeleza alivyokalishwa, magoti yalivyokwama, honi ilivyolia. Walimu walicheka. Mama Pacha hakucheka. Alikuwa mtu wa hesabu za mbio, sekunde na hatua, na hesabu ile aliipiga papo hapo.

Jioni aliweka funguo mezani. "Ulimpima Sentimita magoti."

Nukta hakukana. Mkewe hakupaza sauti. Alipika, akapakua, akala, akaosha vyombo, na kwa siku mbili nyumba ile ilikuwa na adabu ya ofisi. Nukta alisoma kila tendo lake. Alisoma jinsi alivyofunga mlango, alivyoweka sahani. Akasoma akachoka, maana hapakuwa na kosa la mtu mwingine la kulitafuta.

Siku ya tatu, kabla ya kwenda kazini, wakiwa wote wawili kibarazani na vikombe vyao, mkewe alisema bila kumwangalia:

"Lile gari nililinunua mwenyewe. Miaka minane. Nilimpelekea mtu, nikahesabiwa pesa, nikarudi na hili kabati. Hukuniuliza hata siku moja kama nimeumia. Uliangalia kiti."

Nukta alitafuta neno. Maelfu ya maneno yalikuwa yamepita mikononi mwake, ya ndoa, ya pole, ya shukrani, na hata moja halikuja.

"Umeumia?" aliuliza mwishowe.

"Hapana," alisema. Akanywa chai. "Ndiyo. Kuna ule mlima wa kwenda shuleni. Asubuhi hakuna mtu. Nilikuwa nalibonyeza hapo, linaitika. Kwa nusu dakika nilikuwa na miaka ishirini, niko kwenye mstari, nasubiri bastola ilie. Hili ukilibonyeza kwenye ule mlima, linakohoa."

"Ungekataa. Mama angejifunzia kwenye gari la kukodi."

"Aliniomba mimi," alisema Mama Pacha. "Miaka yote ile hakuwahi kuniomba kitu. Hata chumvi."

Chai ya Nukta ilikuwa imepoa. Aliomba msamaha, kwa neno moja, bila kulipamba. Mkewe alisema sawa. Nukta aliitilia shaka ile sawa, kama kawaida yake, lakini safari hii aliona afadhali akae nayo hivyohivyo. Kabla ya kuondoka alichukua kitambaa na mafuta ya taa, akainama chini ya kiti, akausugua mstari wake. Mkewe alimsubiri hadi akamaliza, ndipo akawasha gari akampeleka kazini. Njiani, kwenye mlima, gari lilipokohoa, Mama Pacha alicheka peke yake.

Mama alifanya mtihani wa leseni mara tatu. Mara ya kwanza aliambiwa arudi kinyumenyume kati ya nguzo mbili, akamuuliza mkaguzi mtu mwenye akili anarudi nyuma kutafuta nini. Mara ya pili alizigonga nguzo zote mbili. Mara ya tatu alipita, na Nukta, aliyekuwa amesimama nje ya uzio tangu asubuhi, alimshuku yule mkaguzi kwamba amechoka tu kumwona. Aliomba leseni, akaisoma herufi kwa herufi, akakuta kosa. Mwaka wa kuzaliwa ulikuwa umepigwa vibaya, ukampunguzia mama miaka kumi.

"Irudishe wasahihishe," alisema.

"Ukiigusa hiyo," mama yake alisema, akiinyakua, "mimi na wewe tutakosana."

Mwezi uliofuata alipeleka sare katika shule tano kwa wiki mbili, mto wa sofa chini yake, mizigo imejaa hadi kwenye kioo cha nyuma. Kila gauni jipya la Mama Pacha sasa lilishonwa katika chumba kile cha mbele, na mara nyingi Nukta akipita hapo aliwakuta wawili wamekaa, wakinyamaza ghafla anapoingia. Hakuuliza walikuwa wanasema nini. Ilimgharimu, lakini hakuuliza.

Halafu Ijumaa moja mama akaja kuchukua funguo. Alisema anakwenda kumwona dada yake, mji wa pili, mwendo wa saa tatu. Ana miaka minne hajamwona. Nukta alikuwa na mambo kumi na saba ya kusema kuhusu breki, malori na mvua. Mkewe alimkanyaga mguu chini ya meza, akasema moja tu, kwamba awe mwangalifu.

Saa tatu zikawa nne, zikawa tano. Nukta alikuwa amekaa karibu na simu, amesoma gazeti lote hadi matangazo ya viwanja. Simu ilipolia aliinyakua.

"Nimefika," mama yake alisema. Nyuma yake kulikuwa na kelele za watu wengi. "Njia nzuri. Wote wananipita, nawaacha wapite."

"Saa tano, Mama?"

"Nilisimama kula. Mara mbili. Sasa sikiliza, dada yangu huku anataka tukaone shamba, na jirani yake anataka kwenda hospitali, na hapa hakuna mwenye gari. Nitarudi Alhamisi."

"Alhamisi? Na sisi?"

Lakini simu ilikuwa imeshakatika, au imekatwa makusudi. Nukta aliiangalia. Mkewe alikuwa mlangoni, amesikia yote, anatafuta viatu vyake vya mbio kabatini.

Jumatatu asubuhi walitoka pamoja kwa miguu, mkewe akitangulia hatua mbili mbele kwa urefu wa miguu yake, na Nukta nyuma, akimwomba apunguze mwendo.